Waliponitoa kwenye zamu ya Jumamosi

Mwaka 2018 tulikuwa akina mama wanne wa Kitanzania kwenye majengo yale yale ya apartment huku ughaibuni, mtaa wa Alief, na tulikuwa na utaratibu wetu. Ukiwa kazini, mwenzio anakaa na wanao. Naye akiingia kazini, unakaa na wake. Mimi nilishika Jumamosi. Watoto saba ndani, kelele mpaka jirani anagonga ukuta, na jioni kila mtu anachukua wake mzima, ameshiba.

Nilipojifungua wa pili, nikaanza kulia bila sababu. Nilikaa sakafuni bafuni, maji yanamwagika, siwezi hata kuinuka nikaoga. Zamu hawakunipunguzia. Waliniita mvivu tu, wakaniletea watoto kama kawaida. Mwishowe nikaenda hospitali. Daktari akasema ni sonona ya uzazi, yaani depression ya baada ya kujifungua, akaniandikia vidonge. Baada ya miezi miwili nikawa mtu tena.

Kosa langu nilimwambia mkubwa wetu, tuliyemwita dada. Kazi yake ni kuhudumia wazee wa Kizungu kwenye nyumba ya wazee. Nilidhani yeye ataelewa.

Wiki ile ile ratiba mpya ikaingia kwenye grupu. Jumamosi amepewa mwingine. Wanangu wameandikwa, watapokelewa kama zamani. Mimi kupokea wa wenzangu, simo.

Nikavuka parking hadi kwake, mtoto begani.

"Dada, mbona mmenitoa?"

"Pumzika, mdogo wangu. Wako tutakulelea."

"Sijachoka."

Akashusha sauti. "Si unajua mambo ya kichwa. Leo mzima, kesho unakimbia uchi hapo nje. Na hawa ni watoto wa watu."

"Yule bibi yako wa kazini uliyenisimulia, anayemeza vidonge kama vyangu, yeye ana nini?"

"Ana depression, maskini."

"Na mimi?"

"Aa, hayo ya Wazungu. Mswahili akifikia vidonge, huyo keshakuwa chizi."

Alilitamka kwa upole, kama mtu anayetoa pole. Hapo ndipo damu iliponichemka.

"Nilipokuwa naumwa kweli uliniletea watoto wako, ukaniita mvivu. Nimepona ndiyo nimekuwa chizi?"

Akaanza kukunja nguo zilizokuwa kwenye kochi.

Nikamwambia awafute na wanangu. Zamu ni kupeana. Mimi sikuomba sadaka.

Nililipia uamuzi huo. Kazini nikaomba siku ambazo mume wangu yupo nyumbani tu, na msimamizi akanuna, siku nzuri akawapa wengine. Mume wangu akasema ningemeza tu hasira, watu wenyewe ndio hao hao. Labda. Lakini nisingeweza kila asubuhi kumkabidhi mwanangu mtu anayeona mikono yangu haifai kumshika wake.