Miguu ya Mama Ilipoacha Kuuma

Niliposikia harufu ile nilidhani kuna mtu anababua manyoya ya kuku. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, katika nyumba za askari magereza mjini Jinja, na mama alikuwa amesimama kando ya sigiri akikoroga uji wa mtama. Kaa la moto lilikuwa limeanguka, naye amelikanyaga kwa mguu wa kushoto, bila kiatu. Aliendelea kukoroga. Baba, aliyekuwa akifunga vifungo vya sare yake, ndiye aliyeinama akatazama.

"Mama Amuge," akasema polepole, "mguu yako inaungua."

Mama alitazama chini kama mtu anayeoneshwa mguu wa jirani.

Nilikuwa na miaka kumi. Kwa miezi mingi kabla ya hapo miguu hiyo ilikuwa imemtesa: mara ilimchoma kama iliyopakwa pilipili, mara alihisi sisimizi wakitembea chini ya ngozi, na hata shuka jepesi likimgusa alilitupa. Kila nikisali niliomba maumivu yamtoke. Yakamtoka. Mama alisimama kanisani akatoa ushuhuda, watu wakapiga makofi, nami nikaamini kwamba sala yangu ndiyo iliyosikika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliushangilia.

Jeraha la kaa halikupona. Lilipoanza kunuka, baba alitupeleka Mbale kwa shangazi yangu, aliyekuwa akiishi mtaa wa Nkoma mjini humo, na kesho yake tukaenda hospitali. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alichukua kijiti akamwambia mama, "Fumba macho. Nikikugusa, sema." Akamgusa vidoleni, unyayoni, kisiginoni, akipanda kidogo kidogo. Nilihesabu mara tisa. Mama alitulia, macho kayafumba, akisubiri kwa adabu. Mwishowe akauliza, "Daktari, utaanza saa ngapi?"

Baba akageukia dirisha.

Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeharibu mishipa ya fahamu, daktari akatueleza. Mishipa inayokufa hulia kwanza, kisha hunyamaza. Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti.

Sasa mama anaishi nami. Kila jioni namwosha mguu uliobaki, nikikagua katikati ya vidole kwa tochi ya simu. Utotoni hakuna kilichonitisha kuliko kumsikia akiugulia. Siku hizi mkono wangu hupanda kutoka unyayoni, naye amenyamaza, amenyamaza, hadi nikaribie goti. Hapo hushtuka.

"Taratibu, Amuge. Unaniumiza."

Namwomba radhi, na siku hiyo nalala vizuri.