Usukani Umeshika

Usiku ule wa kuamkia siku ya kuanua tanga nililala chini sebuleni, ubavuni mwa mama, nikiwa na hasira hadi kwenye meno. Sikutegemea kuota. Tangu kaka yangu Lameck afe nilikuwa silali usingizi wa kuitwa usingizi. Lakini usiku ule alikuja, na kabla sijasema alikujaje, niseme kwanza ile hasira ilikuwa ya nini, maana naamini ndiyo iliyomwita.

Lameck alikuwa akitengeneza matangi ya maji ya faiba hapa Iringa. Siku moja alilitazama tangi lililopasuka katikati, akalizunguka, akasema nusu yake imekaa kama bodi ya gari. Tulicheka. Yeye hakucheka. Alimfuata Sadiki, fundi makanika aliyekuwa na gereji ukuta kwa ukuta na ua wetu, wakakubaliana jambo ambalo kila aliyelisikia aliuliza kama ni wazima: watatengeneza gari dogo la viti viwili na kuliuza likiwa vipande. Mnunuzi atapewa fremu, bodi, viti, usukani na mfuko wa nati. Injini atatafuta mwenyewe kwenye gari bovu, halafu ataliunga nyumbani kwake kama watu wanavyounga kitanda. Mimi nilikuwa nashona makochi, wakanivuta nishone viti. Kampuni ilikuwa hiyo tu, watu watatu na mashine yangu ya cherehani. Gari tuliliita Mbayuwayu.

Bodi ya kwanza ilivunjika wakati wa kuitoa kwenye kalibu inayoipa umbo. Ya pili ilitoka imepinda, ikawa na uso wa mtu aliyeumwa jino. Ya tatu ilitoka nzima, ila ilikuwa kijani cha matangi, kwa sababu rangi iliyokuwepo ilikuwa hiyo. Mtaa mzima ulikuja kuchungulia. Mmoja aliuliza, "Linaingia lita ngapi hilo?" Lameck akamjibu, "Mbili. Wewe na mkeo." Nakumbuka alivyocheka, mikono imejaa vipele vya faiba, akijikuna kwa kiwiko.

Kazi yao ilitenganishwa na ukuta. Faiba ilifanyiwa uani kwa ajili ya harufu na ule muwasho, chuma kikakaa ndani ya gereji. Na Iringa ni baridi, gundi ya faiba inachukua muda kuganda. Kwa hiyo neno lililotawala ua wetu kutwa nzima lilikuwa moja: imeshika? Bado. Imeshika? Bado kidogo. Ikishashika, Lameck anaigonga kwa kifundo cha kidole, inalia, kazi imekwisha.

Siku aliyokufa ndiyo siku vipande vyote, pamoja na injini ya gari bovu, vilipokutana kwa mara ya kwanza. Mteja wetu wa kwanza, mwenye duka la dawa kutoka Mafinga, alikuwa njiani kuja kuliona gari. Lameck alitaka akampokee chini Ipogoro, apande naye mlima, mteja aingie mjini kwa Mbayuwayu na si kwa basi. Mimi nilikuwa namalizia kushona ukingo wa kiti. Sadiki alikuwa mvunguni mwa gari. Lameck aliuliza kwa sauti, kama alivyokuwa akiuliza siku zote, "Sadiki, usukani vipi, umeshika?" Na Sadiki akajibu kutoka chini, "Umeshika!" Nililisikia kwa masikio yangu. Sadiki akatoka mvunguni, akapita mlango wa nyuma. Lameck akaingia kwenye gari, akaondoka akiwa anapiga mluzi. Kwenye mteremko wa Ipogoro ile nati inayofunga nguzo ya usukani ilichomoka, usukani ukaachana na matairi, gari likaacha barabara na kwenda kwenye miamba. Bodi ya faiba ilivunjika kama chungu.

Sadiki alikutwa amesimama katikati ya gereji na spana kubwa mkononi, aliyokwenda kuiazima kwa jirani. Alipoulizwa msibani, alisema maneno haya na hakuongeza: "Nilisema umeshika. Sikusema umekazwa." Baba mdogo alitema mate chini. Akasema huyu anachezea maneno mbele ya jeneza. Mimi nilimchukia Sadiki kuanzia hapo. Makaburini aliinama kuchukua udongo autupie, baba mdogo akampiga mkono, udongo ukamwagika kwenye viatu vyake, na mimi nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi.

Polisi waliandika ajali. Ukoo haukukubali. Ilipangwa kwamba siku ya kuanua tanga wazee wakae, Sadiki aitwe, nisimame niseme nilichosikia, kisha twende naye kituoni. Kila jioni mama alikuwa ananiuliza, "Utasema ulivyomsikia?" Namjibu, "Nitasema, mama." Hapo ndipo anakubali kunywa uji. Alikuwa anaishi kwa jibu hilo.

Basi nikalala na hasira yangu, na mlango ukafunguliwa.

Haukuwa mlango wa nyumba yetu. Ulikuwa mlango wa ua wa kazini, ule wa mabati. Lameck alisimama pale amevaa ovaroli lake, hana hata mkwaruzo usoni. "Kamwene," alisema, ile salamu ya Kihehe, kama anavyosalimia akitoka sokoni. Nilikuwa najua amekufa. Hilo ndilo lililonitesa, kwamba hata ndotoni nilikuwa najua, na yeye alikuwa anajua kwamba najua, na hakuna aliyelitaja.

Akapita mbele yangu kwenda kwenye kalibu. Haikuwa kalibu ya gari. Ilikuwa nyembamba, ya urefu wa mtu, na alikuwa anaitandika faiba taratibu, anaipaka gundi kwa brashi, anatoa mapovu ya hewa kwa kidole gumba. Harufu ile inanijaa puani hata sasa ninapoandika. Nikamwambia, "Kaka, hiyo ya nani?" Aliendelea kupaka, kisha akaniangalia na kuuliza, "Imeshika?"

Ninaweka mkono. Ni baridi na inanata. "Bado," namwambia.

Tunasubiri. Sijui tunasubiri kwa muda gani, jua haliendi. Kuna kimya cha Jumapili. Anajikuna kwa kiwiko. Anauliza tena, "Imeshika?" Ninagonga kwa kifundo cha kidole, nayo inalia, kavu, ngumu. "Imeshika," nasema. Anatikisa kichwa kuridhika. Anafuta mikono kwenye ovaroli, na hapo hapo hatupo tena uani.

Tumekaa ndani ya Mbayuwayu. Viti ni vile nilivyoshona mwenyewe, nauona uzi wangu pale uliporuka. Tunashuka Ipogoro bila mlio wowote, injini haipo, upepo haupo. Naona mabati ya nyumba za chini, naona mto. Lameck hatazami barabara, ananitazama mimi. Usukani uko mikononi mwake na anauzungusha, anauzungusha kama mtoto anayechezea sufuria, na gari halijali, linakwenda linakotaka. Ninapiga kelele, "Kaka, shika!" Naye anasema kwa upole, "Umeshika. Si ulisikia?"

Nilifumba macho nisiione miamba.

Nilipoyafumbua nilikuwa nimelala chali kwenye sakafu ya gereji, mvunguni mwa gari, oili inanidondokea shingoni. Ubavuni mwangu wa kushoto amelala Lameck. Ubavuni mwangu wa kulia amelala Sadiki. Katika uhai wote wa kampuni yetu, tangu siku za tangi na za kalibu hadi siku za gari, hatukuwahi kulala hivyo, sote watatu upande mmoja wa ukuta. Nilitaka nimgeukie Sadiki nimwambie muuaji mkubwa wewe. Lameck akaweka kidole mdomoni. "Msikilize anavyofanya kazi," alisema.

Sadiki hatuoni. Ananyoosha mkono juu, anaingiza nati kwenye bolti kwa vidole. Anaisokota polepole mpaka inauma uzi wa bolti na haianguki tena. Anaiachia. Anasema peke yake, chini kwa chini, kama fundi anavyozungumza na kazi yake: "Haya, imeshika." Halafu anapapasa sakafu kutafuta spana ya kukazia, anagundua aliyonayo ni ndogo, anaguna.

Na juu yetu, kutoka nje ya gari, nasikia sauti ya Lameck mwingine, yule aliye hai, yule wa asubuhi ile: "Sadiki, usukani vipi, umeshika?"

"Umeshika!" anajibu Sadiki, naye anajisukuma kutoka mvunguni kwenda kuazima spana kubwa.

Tumebaki wawili. Lameck aliuchukua mkono wangu, na mkono wake haukuwa wa baridi, ulikuwa unakwaruza kwa vipele vile vile. Akaupeleka kwenye nati. Niliigusa kwa ncha ya kidole na ikazunguka. Ilizunguka bila shida, kama kifuniko cha chupa ya soda kilichofunguliwa tayari.

"Haijakazwa," nikasema.

"Aliniambia imekazwa?"

Nilikuwa nalia, machozi yananiingia masikioni kwa sababu nilikuwa chali. Miezi yote ile kwetu kushika kulikuwa ni mwisho wa kazi, na hapo pembeni, nyuma ya ukuta wa tofali, kushika kulikuwa ni mwanzo wake. Hakuna aliyewahi kulivusha neno lile ukuta mpaka siku vipande vilipokutana. Mtu amekwenda kwenye miamba akipiga mluzi kwa ajili ya hilo. Hasira yangu ilitafuta pa kukaa, ikakosa, na nilijisikia vibaya kuliko siku ya maziko.

"Niliuliza la kwangu, akanijibu la kwake," alisema Lameck. Alisema bila huruma na bila lawama, kama mtu anayesoma kipimo kwenye rula. "Kamwambie mama nilijibiwa."

"Mwambie wewe," nikasema. "Kaka, yeye anakusubiri wewe. Njoo umwambie mwenyewe."

Akasema, "Mimi nimeshaganda, Rehema."

Nilimshika ovaroli. Nilikuwa nimeshika blanketi.

Kulikuwa kumekucha, ule weupe wa ukungu dirishani. Nje akina mama walishaanza kuburuta masufuria ya pilau ya tanga. Mama alikuwa ameketi juu ya godoro, kitenge mabegani, ananiangalia. Nadhani nilikuwa nimelia kwa sauti.

"Amekuja?" akauliza.

Sikushangaa kwamba alijua. "Amekuja, mama."

"Kwangu haji." Alivuta kitenge. "Amesemaje?"

Nilikuwa na nafasi ya kudanganya. Ningesema ametusalimia, amesema tumwombee, mama angekunywa uji, na kwenye kikao ningesimama niseme neno moja tu la kweli, umeshika, wazee wote wangelielewa kama nilivyolielewa, na Sadiki angekwisha. Nisingekuwa nimesema uongo hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha, jinsi ukweli ule ulivyokuwa mwepesi kumuulia mtu.

"Amesema nikwambie alijibiwa," nikasema. Nikamweleza. Nilimweleza gundi na nati, nikamwonyesha kwa vidole namna fundi anavyosokota mpaka nati inauma, na spana inakuja baadaye. Nikamwambia Sadiki hakumdanganya mwanao, alisema kitu cha kweli kwa lugha ya gereji, na Lameck akakisikia kwa lugha ya matangi. Nikamwambia kikaoni nitasema hivyo, hata baba mdogo akinitemea mate mimi. Na nitakwenda kumchukua Sadiki mwenyewe nyumbani kwake, aingie nami, asiletwe.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa unapungua kadiri nilivyosema, sijui niseme vipi tena, ulikuwa unapungua.

"Kwa hiyo hakuna aliyemuua," akasema.

"Hakuna, mama."

"Amekufa tu."

"Amekufa tu."

Nje mtu aliita anaomba mwiko, mwingine akamjibu uko jikoni. Mama aligeukia ukuta, akajifunika kitenge kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu tuletewe habari nilimsikia akilia, si kile kilio cha msibani cha kuitikiana, bali kingine, kidogo, cha mtu aliye peke yake.

"Ungeniachia Sadiki," alisema kutoka ndani ya kitenge. "Mwanangu, si ungeniachia tu huyo Sadiki."

Nilikaa naye kidogo. Kisha nikavaa viatu na kwenda kumwita Sadiki.