Uongo Niliompa Mke Wangu Ampelekee Baba Yake

Nimekosa mimi, na simtafuti wa kugawana naye lawama. Kama ulitarajia kisa cha mume mlevi au mke asiyetulia nyumbani, geuza ukurasa. Mimi nilisema uongo mmoja tu, tena wa kujifanya nina adabu, na umeninyang'anya mzee aliyenipenda na mke niliyempenda.

Jina langu liacheni. Mimi ni Mkisii, naishi hapa Birmingham, nafanya kazi katika kiwanda cha magari kule Longbridge. Kazi yangu ni kuinua milango ya magari na kuifunga mahali pake, kutwa nzima. Nina nguvu, na moyo wangu haujawahi kunisumbua hata siku moja. Likumbukeni hilo, maana aibu yangu inaanzia hapo.

Mke wangu nitamwita Leena. Alikuwa nesi kutoka Ufini, na tulikutana kwenye dansi ya kanisa mtaa wa Kings Heath. Yeye alinifunza kunywa kahawa bila maziwa, mimi nikamfunza Kiswahili, na mwishowe tukaoana. Mama yake alikuwa amefariki zamani. Alibaki na baba tu, naye baba hakuwa na mtoto mwingine.

Kiangazi kimoja, mwanzoni mwa miaka hii ya sabini, kiwanda kilipofunga kwa likizo, Leena akasema twende kwao nikamwone mzee. Nilifurahi sana. Nilinunua hata koti jipya.

Kisha akanieleza habari za sauna. Huko kwao kila boma lina chumba kidogo cha mbao kando ya ziwa. Mawe yanapashwa moto juu ya jiko, yanamwagiwa maji, mvuke unajaa, na watu wanakaa humo uchi wa mnyama wakitoka jasho. Wakichoka na joto wanajitosa ziwani. Wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake.

"Baba atakuingiza sauna jioni ya kwanza," Leena aliniambia, uso unang'aa. "Ndivyo atakavyokupokea."

Yesu wangu! Mimi na baba mkwe, uchi, benchi moja!

Sisi Wakisii tuna adabu inayoitwa chinsoni. Ni haya iliyowekwa kati ya mzazi na mtoto, na kati ya mtu na wakwe zake. Baba yangu mzazi sijawahi kumwona akioga. Mtoni alikuwa na mahali pake na sisi watoto petu. Sasa baba mkwe ndiyo usiseme! Mtu anayeona uchi wa mkwewe kwetu hasahauliki, na wazee huitwa kusafisha jambo hilo.

Nilimweleza rafiki yangu Kartar, Singasinga aliyezaliwa Nairobi, tukila chakula cha mchana kiwandani.

"Shida iko wapi?" akasema. "Wewe sema kweli. Sema, kwetu hapana fanya hivi. Kwisha maneno."

"Ili wanicheke? Hapa kila siku naulizwa kama kwetu tunalala juu ya miti. Niwaongezee na hii?"

"Mimi iko na kilemba, bwana. Kila siku watu nauliza, kila siku mimi najibu. Kujibu hapana ua mtu."

Nilimcheka. Nikamwambia yeye kashazoea. Laiti ningemsikia Singasinga yule!

Tukavuka bahari kwa meli, tukapita Uswidi kwa treni, tukapanda meli nyingine. Mzee alikuwa akitungoja bandarini na gari lake kuukuu. Alinishika mkono, akanitazama mabega, akasema neno.

Leena akacheka. "Anasema sasa amepata mtu wa kumsaidia kuvuta mashua."

Njiani tulisimama kwenye vibanda vya barabarani, tukanywa kahawa na kula soseji za kuchoma. Mahali pamoja gari likazama kwenye tope la msituni. Mimi na mzee tukashuka, tukasukuma bega kwa bega hadi likatoka, naye akanipiga mgongoni kwa furaha na kuniachia alama ya mkono wa tope kwenye koti jipya. Hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja, lakini siku ile tulielewana sana.

Jioni mambo yakaharibika. Mzee alikuwa amewasha sauna tangu tulipofika kwake, na moshi ukipanda taratibu kutoka kwenye bomba. Akatoka na taulo begani, na nyingine mkononi ya kwangu, akaniita kwa kidole.

Nikamgeukia Leena. "Mwambie siwezi. Mwambie daktari amenikataza. Mwambie moyo wangu ni mbovu."

"Una wazimu? Mwambie ukweli. Ataelewa."

"Nitamwambia kesho. Leo mwambie hivyo."

"Wewe unaona haya kuvua nguo mbele ya baba yangu," akasema polepole, "ila huoni haya mimi kusimama mbele yake nikimdanganya?"

"Leena, tafadhali! Leo tu."

Akamwambia. Kifini sikijui, lakini nilimwona akisema huku anatazama chini. Mzee akaishusha ile taulo begani. Akanisogelea, akaweka kiganja kifuani pangu, taratibu, kama mtu anayegusa mtoto mgonjwa. Hata yeye hakuingia sauna siku ile. Aliuacha moto ukafa.

Tangu hapo nikawa yai. Tukienda msituni kuchuma matunda madogo ya rangi ya samawati, mzee alibeba vikapu vyote. Tukienda kuvua samaki, alibeba nyavu na kunifungulia njia kwa mguu. Tukisimama njiani kupumzika, alivua koti lake akalitandika juu ya jiwe ili mimi nikae. Majirani nao waliambiwa, wakawa wananitikisia kichwa kwa huruma. Mimi, mbeba milango!

Na acha niseme yote, maana nikificha sasa itakuwa kazi bure. Kuna wakati niliufurahia ugonjwa wangu! Miaka mingi nilikuwa sijakaa juani mtu mwingine akanifanyia kazi. Nilikaa juu ya koti la mzee nikala matunda.

Kila asubuhi Leena aliniuliza, "Leo?" Nami nilijibu, "Kesho." Huko kiangazi jua huzama kidogo tu na kuchomoza tena, na hiyo kesho yangu haikuwa na dalili ya kufika. Leena akapunguza maneno. Mezani alikuwa akimtafsiria baba yake bila kunitazama.

Siku moja akanijia nyuma ya nyumba, macho mekundu.

"Baba amefikiria sana juu yako," akasema. "Anasema inamuuma kukuona ukikosa sauna. Leo atawasha moto mdogo, uvuguvugu tu, ukae benchi ya chini na mlango wazi. Anasema hivyo hutaumia. Na kama unaona haya kuwa mgonjwa mbele ya mtu, utaingia peke yako. Yeye atakaa nje kwenye ngazi akungoje."

Mzee wa watu alikuwa amenifungulia mlango mwenyewe, na uchi wake nisingeuona. Nililia, ndugu zangu. Nikamwambia Leena, "Leo jioni nitasema yote. Utanitafsiria neno kwa neno."

Akanikumbatia kwa mara ya kwanza tangu tufike. Akabaki kusugua mabenchi ya sauna na kuoka mkate. Mzee akanichukua kwa mashua hadi kisiwa kidogo upande wa pili wa ziwa, kukata kuni kavu na vitawi laini vya mti wao wenye gome jeupe, ambavyo watu hujipigia mgongoni humo saunani. Alitaka nipate vilivyo bora.

Alipiga makasia peke yake tukienda. Alikata peke yake. Akabeba hadi kwenye mashua peke yake. Mimi nilikaa kwenye jiwe na kurudiarudia moyoni maneno ya jioni.

Tuliporudi upepo ukageuka, ukawa unatupiga usoni. Mashua ilikuwa nzito kwa kuni na kwa mimi. Mzee akaanza kuhema. Nikanyoosha mikono kuomba makasia. Akatikisa kichwa. Akagusa kifua chake, akaonyesha changu, akatabasamu.

Neno la Kifini la kusema ukweli sikuwa nalo, lakini si mikono nilikuwa nayo? Ningeyanyakua tu yale makasia! Ningemsukuma akae nyuma, nikapiga, akaniona jinsi nilivyo. Lakini nikafikiria atanitazama vipi hapo katikati ya maji, na Leena hayupo wa kulainisha maneno. Nikajiambia ni saa chache tu, jioni si mbali. Nikairudisha mikono magotini.

Tukafika ufukweni. Mzee akaruka majini, akashika kamba, akavuta mashua juu ya mawe. Siku ya kwanza alisema amepata mtu wa kumsaidia kuvuta. Nilishuka na viatu vikavu.

Kisha akaketi, kamba bado mkononi, kama mtu anayepumzika kidogo. Nikangoja ainuke. Hakuinuka.

Leena akaja mbio na unga mikononi. Akamshika shingoni, akamlaza, akaanza kumsukuma kifua na kumwita. Hapo ndipo nilipopata akili, nikiwa nimechelewa! Nilimnyanyua mzee peke yangu, nikapanda naye kilima chote mbio hadi nyumbani, mtu mzima mikononi. Majirani walikuwa wametoka na kusimama. Walimtazama yule mgonjwa wa moyo akipita.

Daktari alipofika mzee alikuwa ameshakata roho, akasema ni moyo. Mzee alikuwa nao mbovu muda mrefu, wala hakumwambia mtu. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakukosea. Sijui wangesemaje juu yangu, niliyejibunia maradhi nisiyokuwa nayo, nikambebesha aliyekuwa nayo.

Nilidhani basi, yameisha. Hayakuwa yameisha. Leena akanijia, macho makavu kabisa.

"Kwa desturi ya zamani ya hapa, maiti huoshwa sauna," akasema. "Jirani mmoja mzee atakuelekeza. Baba hakuwa na mtoto wa kiume. Ni wewe."

Nikaingia. Mabenchi yalikuwa meupe kwa kusuguliwa. Ndani ya jiko la mawe mlikuwa na vijiti vichache vimepangwa vizuri, tayari kwa moto mdogo wa mgonjwa. Yule jirani akaanza kumvua nguo, nami nikamsaidia. Hivyo ndivyo nilivyouona uchi wa baba mkwe niliyemkimbia akiwa hai. Nilimwosha kuanzia kichwani.

Nilipofika kwenye mikono nikakwama. Viganja vilikuwa na malengelenge mapya ya makasia, mengine yamepasuka na kutoa damu. Vyangu, vyenye sugu za kiwandani, havikuwa na hata mkwaruzo. Nilivishika viganja vile nikalia mpaka jirani akaninyang'anya kitambaa.

Nilirudi Birmingham peke yangu. Leena alikuja majani yalipoanza kuanguka, kuchukua sare zake za unesi na vitu vyake. Nilipiga magoti jikoni nikamwomba msamaha. Nikamwambia najua nilimuua baba yake.

"Hapana," akasema, tena kwa Kiswahili nilichomfunza mimi. "Baba alikuwa mgonjwa, angekufa siku yoyote. Siendi kwa sababu amekufa. Naenda kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia ule uongo, na amekufa akiuamini. Kila nikikuona nausikia mdomoni mwangu."

Akachukua sanduku. Tangu siku ile sijamwona. Hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo hata mtu mwenye uso wake sina.

Kartar ndiye aliyenishika mkono. Alikuwa akinijia kila Jumapili na chapati za mkewe, anakaa, tunakula. Hajanikumbusha hata mara moja maneno yake ya kilemba, na afadhali angenitukana.

Ninyi mlio ugenini kama mimi, nisikieni! Mila zenu si kosa. Chinsoni haikumuua mzee yule, wala sauna haikumuua. Kiburi changu ndicho. Niliogopa kuchekwa na mtu ambaye hakuwa na nia ya kunicheka. Ukialikwa jambo usiloliweza, fungua kinywa useme kwa nini hata ukitetemeka. Na usimbebeshe mwenzako uongo akakusemee! Ile "kesho" niliyoiimba nilikuwa nayo mkononi kila siku, nikaila na matunda.

Juzi daktari wa kiwanda alitupima sisi sote. Aliniwekea chombo chake kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akanipiga bega. Akasema moyo wangu ni mzima kabisa, nitaishi sana. Nikamshukuru, nikavaa shati, nikatoka nje nikalia.