Bakuli la Mwisho Kilimani

Bi Mwatima Hija aliitikia salamu yangu akitazama begi.

"Hodi umepiga, Bwana. Sasa lifungue."

Ilikuwa mwaka 1959, kaskazini ya Pemba, chini ya kilima chenye magofu ya mji wa kale: misikiti mitatu isiyo na paa na makaburi yaliyobanwa na mizizi. Mjane huyu aliifagia misikiti na kufukiza ubani kila Ijumaa. Kwa kazi hiyo Bwana Turki, mwenye shamba, alimwachia alime muhogo mtelemkoni. Mihrabu ya msikiti mkubwa ilipambwa zamani kwa mabakuli ya Kichina. Lilibaki moja. Mengine yaliondoka na wageni, na Bwana Turki alikwisha kusema: likipotea na hilo, Bi Mwatima atafute pengine pa kulima.

"Mgeni wa mwisho alikuwa mpole kama wewe," aliniambia. "Hata kusali alisali."

Siku mbili nilifanya kazi iliyonileta, kupima kuta za magofu na kuyachora, naye kanikalia mgongoni. Siku ya tatu pahala pa bakuli palikuwa patupu. Akaniita mwizi mbele ya kijiji kizima. Begi likamwagwa: penseli, shati, tende.

"Kalificha!" akasema Bi Mwatima.

Bwana Turki alifika juu ya punda wake. "Kelele za nini? Leo alasiri tunasoma Halbadiri. Aliyelichukua atavimba tumbo, awe mgeni, awe mwenyeji."

"Isomwe," nikasema.

Wote wakaitikia, isipokuwa Bi Mwatima.

"Halbadiri nzima kwa bakuli moja?"

"Si wewe uliyepiga yowe?"

"Nimepiga. Lakini kisomo hakichagui, Bwana. Chaweza kumpata hata aliyeliweka tu."

"Aliyeliweka?"

Akaingia kwake, akatoka na chungu cha chumvi. Bakuli lilikuwa ndani.

"Nilimwona huyu akilichora. Mtu hachori asichokitaka. Nikamtangulia, afukuzwe, kisha nilirudishe."

Bwana Turki akanyoosha mkono. "Lete, likae kwangu."

Bi Mwatima akakivuta chungu kifuani. "Halbadiri bado yasomeka, Bwana Turki."

Watu wakacheka. Bwana Turki naye akacheka, ila amechelewa kidogo, akaurudisha mkono.

Bi Mwatima akapanda kilima kulirudisha bakuli pahala pake. Mimi akanitwika karai la chokaa ya kulibandikia.

"Karai lishike kwa mikono miwili," alisema, "na utangulie mbele."