Orodha ya Waalikwa ya Mama Mkubwa

Hili nawaambia nyinyi tu, na mcheke mkitaka, maana mimi nimeshalia nikamaliza. Kwetu Amu, yaani Lamu, mimi ndiye mjuzi wa kompyuta wa ukoo mzima (niliwahi kumtengenezea mjomba printa, ambayo kumbe ilikuwa haijachomekwa tu), na sifa ile ilinikaa kichwani vibaya.

Mama Mkubwa, dada yake mama, alikuwa anamwoza bintiye Rahma, na kwetu mwaliko wa karamu ya wanawake hautumwi kwa simu. Wanawake wawili huvaa mabuibui wakapita nyumba kwa nyumba, wakabisha, wakasema fulani binti fulani anakualikeni, na nyumba ikirukwa basi mwenyewe hahesabu kwamba amesahaulika, huhesabu ametengwa, na maneno hayo hufika mpaka kwa wajukuu. Kwa hivyo Mama Mkubwa alikaa siku tatu akinitajia majina, nami nayachapa kwenye laptopu yangu, mtaa kwa mtaa mpaka jamaa wa Matondoni na Pate, nikayahifadhi humo humo ndani kwa kuwa intaneti yetu ni ya kubahatisha.

Sasa mimi sikutosheka. Nilitaka programu moja ya kutengeneza kadi za ukumbusho zenye maua ya dhahabu, laptopu ikaikataa, nikatazama video, kijana mmoja akasema ni rahisi tu, bonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, fungua mipangilio ya wasanidi programu (yaani ile ya mafundi wenyewe), na mashine itakutii. Nikabonyeza. Likaja onyo kwamba kila kilichomo kitafutwa, na mimi, hapa ndipo ninapojichukia, nikakubali bila kulisoma mpaka mwisho, kwa vile maonyo ya kompyuta nimeyazoea kama nilivyozoea punda kulia vichochoroni. Ilipowaka tena ilikuwa tupu, inaniuliza nachagua lugha gani, kana kwamba hatujawahi kuonana.

Ningesema siku ile ile, yangekwisha. Mama Mkubwa angenigombeza kisha angeanza kunitajia upya. Lakini niliona haya, nikajifungia chumbani nikaiandika orodha yote kwa kichwa changu, nikawapa wale wanawake wawili, nao walipita siku mbili wasiruke hata nyumba moja niliyoandika.

Siku ya karamu ukumbi ulijaa, pilau imeiva, na Mama Mkubwa akatazama huku na huku akauliza Bi Zena yuko wapi. Bi Zena ni jirani yetu, ukuta mmoja, dirisha kwa dirisha, rafiki wa Mama Mkubwa tangu wote wawili hawajaolewa, na sufuria zote kubwa zilizokuwa jikoni mchana ule ni zake, katuazima. Hapo ndipo nilipojua sikumwandika. Nilikuwa nimekumbuka hata watu wa Pate, lakini yeye nilimzoea mno, kwangu hakuwa nyumba ya kwenda kubishwa hodi, alikuwa wetu.

Binamu yangu akatumwa kumwita, akarudi kainamisha kichwa, akaulizwa mbele ya watu kajibiwa nini.

"Amesema sufuria zake zimealikwa, yeye bado."

Mama Mkubwa akakaa chini, machozi yanamlenga, akasema taratibu kwamba jina la Zena ndilo alilolitaja la kwanza kabisa. Ilikuwa kweli. Basi nikasimama mbele ya wanawake wote wale nikasema ni mimi, nilifuta orodha, nikaanza kueleza habari za kuifungua laptopu kwa mipangilio ya wasanidi programu kwa watu walioshika sahani za pilau, mpaka bibi mmoja akaniuliza kwani ilikuwa imefungwa nini hata nikaifungua. 

Nikatoka na nguo zangu za karamu, viatu mkononi, nikabisha kwa Bi Zena. Alifungua mwenyewe, kajitanda leso gubigubi. Nilimweleza yote, tangu vile vitufe vitatu, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ya makina, hizi mashine zenu, siyui," akasema. "Nialike, kama waalikwavyo watu."

Nikanyooka pale mlangoni, nikamtaja Mama Mkubwa kwa jina lake na la babake, nikasema anamwalika karamu ya bintiye Rahma. Bi Zena akaitikia, kisha akavua leso. Ndani alikuwa kavaa gauni lake zuri kuliko yote, dhahabu shingoni, na asumini kichwani zimeshaanza kunyauka, kwa hivyo alikuwa tayari tangu asubuhi, anangoja hodi. Nililia pale pale. Akanifuta machozi kwa ile leso, tukaenda.

Nimeapa: onyo lolote nitalisoma mpaka nukta, na jirani ndiye nitakayeanza kumbishia hodi, kwa miguu yangu. Laptopu nayo haijanisamehe, kila nikiiwasha inanikumbusha kwamba niliifungua ile mipangilio, inapiga mlio mkali unaofika mpaka nyumba ya pili, na Bi Zena huniuliza ya leo dirishani kwake, "Yeo umemsahau nani?"