Unga wa Kwanza wa Mikayi

Mume wangu Boaz akianza kuongea juu ya kinu chake cha maji, utadhani anamsifu mke wa pili. Ningeona wivu, lakini wivu wa nini kwa kitu kinachonilisha? Kiko kando ya Mto Kuja, upande huu wa Ndhiwa. Alikijenga Mzungu mmoja wa misheni zamani hizo, kwa mfano wa kile cha babake kule Uingereza: kuta nene za mawe, orofa mbili za mbao, na gurudumu refu kuliko mlango wa kanisa. Boaz alikikuta popo wamehamia. Akafukua mfereji unaoleta maji, akaunda gurudumu upya, na yale meno yanayozungusha jiwe la kusagia akayachonga kwa mti wa mpera. Nikamuuliza, si ungeweka ya chuma? Akasema kitu kikikwama, afadhali livunjike jino la mpera kuliko jiwe. Haya, fundi.

Mawe yenyewe ni mawili. La chini limelala tu, la juu linazunguka, na mahindi yanashuka katikati kutoka kwenye sanduku lililo juu. Kuna mistari imechongwa kwenye mawe, hiyo ndiyo inakata punje. Ikiisha makali, Boaz anakaa na patasi kutwa nzima, gonga gonga gonga, kichwa kinaniuma mimi.

Sasa mwaka jana alimaliza kuchonga wakati mahindi mapya yameingia nyumbani. Na kwetu Wajaluo mke wa kwanza, mikayi, ndiye anayetangulia: kupanda yeye, kuvuna yeye, kuonja yeye. Mikayi wa boma letu ni Mama Phelesia, mke mkubwa wa marehemu baba mkwe wangu. Kwa hivyo Boaz, kwa heshima zake zote, akamwita asage wa kwanza. Jamani! Jiwe likitoka kuchongwa, unga wa kwanza huwa na mchanga. Mama akauma ugali, jino likaenda. Na alikuwa nayo machache.

Mwaka jana nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwaka huu sikucheka. Boaz alichonga mawe tena, mahindi yakaingia, na Mama akakataa katakata kukanyaga kinuni. Bila yeye kutangulia, boma zima likakunja mikono. Majirani nao, kuona wenyewe hatusagi, wakapakia magunia kwa boda boda wakaenda mashine ya stima sokoni. Gurudumu likasimama. Na gurudumu la mbao likikosa maji kwa jua hili linakauka, linapasuka, basi. Boaz alikuwa hata chai haimalizi.

Akaenda kumbembeleza. "Mama, safari hii nitatanguliza pumba zisafishe mawe, ndiyo zije zako."

"Pumba za nyumba ya nani?" Mama akauliza. "Nani huyo atanitangulia mimi?"

Akarudi kunieleza. Hapo nikawaka. Nikajifunga leso, nikaenda mwenyewe, kichwa nimeinamisha kwa adabu lakini hasira imenifika shingoni.

"Mama, kuku wako wanakula nini?"

"Mahindi ya mwaka jana yaliyotobolewa na wadudu. Kwani?"

"Basi leta hayo yasagwe kwanza. Wa kwanza bado ni wewe, na mchanga wale kuku. Hao mchanga wanaupenda."

Akanitazama. "Na mumeo alishindwa kusema hivyo?"

"Mama, huyo anajua mawe. Watu bado."

Akacheka mpaka pengo likaonekana.

Kesho yake asubuhi akaja na debe la kuku na debe lake. Boaz akainua lango la mfereji, maji yakaanguka, gurudumu likaguna, nyumba nzima ikatetemeka miguuni mwetu. Ya kuku yakapita. Yakafuata mahindi mapya. Mama akachukua unga kidogo, akaweka mdomoni, akausugua polepole kwa meno yaliyobaki. Wake wenzake walikuwa mlangoni. Boaz alikuwa ameshika ukuta.

"Laini," Mama akasema. Kisha akawageukia wenzake. "Nyinyi mnangoja nini? Leteni!"

Boaz akalia mbele ya watu, mtu mzima, ndevu zimejaa unga, na mimi nikampenda kuliko siku ya harusi.