Aliyeandika Kilichoua Kila Mti

Jumanne moja mwezi uliopita, mama mmoja anayeleta maharage kutoka Komanda aliniambia kwamba yule mwalimu wa iniversite, yule tuliyemwita Prof wa miti, amekufa. Nikamwuliza amekufa na nini. "Vita," akasema, akaendelea kujaza kopo lake. Nikamwambia vita si ugonjwa. Akaniangalia kama vile nimeamka vibaya. "Weye nawe! Batu bote banakufa na vita, unataka nini tena?" Nikaondoka bila kununua. Ninyi mnaonisoma hapa mnajua hasira zangu ziko karibu. Safari hii nivumilieni, maana kama kuna mtu mmoja katika mji huu wa Bunia ambaye kifo chake hakiwezi kuachwa bila sababu, ni huyu.

Wengi hamkumjua. Chini ya kartie yetu, huu mtaa wetu, pale kijito kinapopinda, kuna kipande cha msitu ambacho hakuna mtu aliyekipanda. Kwingine kote ni miti ya kalitusi tu, ya kupandwa. Kabla ya mapigano haya Prof alikuwa akileta wanafunzi wake pale kila mwaka, na buti zao na kelele zao. Kila mti ulipigiliwa kipande cha bati chenye namba. Walipima unene wa miti, wakahesabu ndege na vyura, na mti ukifa walitafuta kilichouua. Mwanafunzi aliyeandika "umekufa" na kuishia hapo alirudishwa msituni mpaka alete jibu: upepo, wadudu, moto, radi. Mimi sikusoma iniversite, niliishia sekondari. Haya niliyajua kwa aibu yangu mwenyewe. Mapigano yalipofunga barabara na makala, yaani makaa ya kupikia, yakakosekana, nilishuka na panga, mtoto mgongoni, nikakata mti wake mmoja. Siku ya tatu nikamkuta amechuchumaa mbele ya kisiki, na kaye yake, daftari la namba, gotini.

"Mama, ni weye ulikata huu?"

"Ni miye, Prof. Mutoto alilala na njaa siku mbili. Ulitaka nipike na karatasi yako?"

"Hapana. Nauliza tu, ulikata na nini?"

"Na panga. Sasa unaandika jina yangu?"

"Jina hapana. Ninaandika: panga, kuni ya kupikia mutoto. Nisipoandika, kesho mutu atakuja kusema ni upepo."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza, ningemjibu. Aliniomba tu nimshikie ncha ya pili ya utepe wa kupimia, kwa sababu utepe haushikwi na mtu mmoja, na wanafunzi wake wote walikuwa wamekimbia, wengine Beni, wengine ng'ambo ya ziwa, Uganda, wengine hakujua. Basi nikawa ninashuka kila wiki. Alikuwa akitaja namba na kipimo kwa sauti kubwa, kama darasa zima liko nyuma yake, halafu anangoja wairudie, kama wanafunzi wake walivyozoea. Hakuna aliyeirudia. Mimi niliona haya kuirudia. Leo ninajiuliza ingenigharimu nini.

Siku moja tulipokuwa tunapanda kurudi, vijana wa bariere, wale wenye bunduki wanaofunga njia, walimnyang'anya ile kaye. Mmoja alijua kusoma. Akasoma: namba fulani, hai, namba fulani, kifo, panga, namba fulani, kifo, moto. Uso wake ukabadilika. "Papa, unaandikia nani batu betu benye kufa?" Wakamkalisha chini, bunduki kichwani. Basi nikapiga kelele mimi: "Ni miti! Ni miti, weye! Huyo wa panga, ni miye nilimuua, nenda uangalie kisiki!" Wakamtuma mwenzao. Akarudi ameshika kibati chenye namba. Walicheka hadi mmoja akaketi chini. "Batu banaisha, weye unahesabia miti!" Wakatuachia. Tulipofika kwenye parseli yetu, kiwanja cha nyumba, ndipo Prof akasema, polepole, kwamba wale vijana walifikiri kuna mtu anayeandika vifo vya watu, na kwamba heri ingekuwa kweli.

Sentensi hiyo haijanitoka. Tumezika watu wangapi katika mji huu? Mwalimu wa shule, mama wa mandazi, mapacha wa jirani. Ukiuliza, unajibiwa vita, kama vile vita ni mvua inayonyesha yenyewe. Neno hilo moja linamfaa sana aliyeshika panga. Linamfaa aliyefunga barabara, linamfaa aliyebeba dawa za wagonjwa na kuziuza. Nasi tunalirudia, kwa uchovu, kwa woga, kisha tunarudi kupika.

Mapigano yalipozidi, Prof alikimbilia Komanda kwa dada yake. Sikumuaga. Baada ya ile Jumanne nilituma maneno kwa kila dereva wa lori aliyekubali kunisikiliza, na wiki ya tatu huyo dada akafika mwenyewe, ameketi juu ya magunia. Aliniambia kwamba Prof aliharisha damu siku sita. Siku nne za mwisho alilala kwenye baraza ya kituo cha afya. Muuguzi alikuwepo. Dawa hazikuwepo: watu wenye silaha walikuwa wamezipakia kwenye gari mchana kweupe, na muuguzi anawajua kwa sura. Nikamwuliza dada ni kina nani wengine waliokuja kuuliza kilichomuua. Alifikiri sana. "Ni weye tu, mama."

Haya. Imeandikwa. Kuhara damu, na dawa zilizoibwa na watu wanaojulikana kwa sura. Nanyi wenye maiti nyumbani, msimkubalie mtu awajibu kwa neno moja. Ulizeni ni nani, ni nini, ni siku gani, mwandike hata nyuma ya karatasi ya sabuni. Msitu uko pale pale chini. Jana nilishuka peke yangu, nikasimama katikati, nikasema namba ya kwanza kwa sauti kama Prof, nikangoja wa kuirudia. Mtoto mgongoni alishtuka, akaanza kulia.